Ila Ndogo: Ndogo kwa Nani?



Jambo tutakalolieleza hapa lilianzia katika msiba, likapita katika darasa, likaishia katika kamusi ya Kiingereza. Huenda njia hiyo ikaonekana ndefu kwa neno moja lenye herufi sita; lakini neno hilo lilitugawa makundi mawili muda wa wiki tatu, hata watu waliokuwa wakisimama safu moja msikitini wakawa hawapeani mikono.

Darasa letu lina sanduku la mazishi. Kila mwenye nyumba hutoa kiasi chake kila mwezi, na fedha hizo hazina kazi nyingine illa bafta ya sanda, kafuri, viunza, ujira wa mchimba kaburi, na chakula cha wafiwa siku ya kwanza. Mwenye kulishika sanduku alikuwa mzee mmoja ambae sitamtaja jina. Tulimchagua kwa sauti moja, na tuliyemchagua ni upole wake. Kwani ni mtu ambae hakuna aliewahi kumsikia akimwambia mwenziwe "la". Jambo hili lilikuwa kichekesho chetu barazani. Tukisema kwamba mbuzi akija kwake kuomba kanzu, mbuzi atavaa.

Basi asubuhi moja akafa mjane maskini wa mtaa wetu. Watoto wake wakaenda kwa mzee, sanduku likafunguliwa, likakutwa na shilingi mia nne na rundo la vipande vya karatasi. Karatasi ndizo zilizoeleza khabari: fulani amechukua kiasi kadha cha karo ya mtoto, atarejesha mwisho wa mwezi; fulani amechukua cha dawa; fulani hakueleza cha nini. Mzee mwenyewe hakuchukua hata senti moja kwa nafsi yake. Ikatubidi kwenda mlango kwa mlango tukichanga, na maiti aliekuwa azikwe baada ya adhuhuri akazikwa jua likikaribia kuchwa. Watoto walikaa na mama yao ndani mchana kutwa, wakisikia hodi zetu kwa jirani zao kwa ajili ya sanda yake.

Alkhamisi iliyofuata, baina ya magharibi na isha, maneno yakawa makali darasani. Wako waliosema: huyu ni mwizi, amekhini amana. Wako waliosema: muacheni mzee wa watu, ndivyo alivyoumbwa. Hapo kijana wetu mmoja, ambae kazi yake ni kusomesha Kiingereza katika skuli ya sekondari, akataka kuwapatanisha. Akasema kwamba Waingereza wana neno lao kwa jambo kama hili, nalo ni "foible". Si dhambi, si khiana. Ni ila ndogo ya tabia, ambayo watu huicheka, na pengine mwenyewe hupendwa kwayo. Alilisema kwa nia njema kabisa. Lakini mzee mmoja aliekuwa ameegemea nguzo, ambae hasemi sana, akamuuliza: "Ndogo kwa nani, mwanangu?"

Kijana akanyamaza, nasi tukanyamaza, mpaka ikaadhiniwa isha.

Swali lile lilinifuata nyumbani. Mimi elimu yangu ya Kiingereza si kubwa, lakini kijana aliniazima kamusi yake nene ielezayo asili za maneno, na siku ya pili tukakaa pamoja tukaitazama. Na niliyoyaona humo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Neno hili Waingereza walilichukua kwa Wafaransa katika karne ya 17, na halikuingia kwa mlango wa tabia. Liliingia kwa mlango wa upanga. Mafundi wa kupigana kwa panga waliligawa bamba la upanga sehemu mbili. Kutoka mpinini hadi katikati ni sehemu yenye nguvu, nayo Waingereza wakaiita "forte". Na kutoka katikati hadi nchani ni sehemu dhaifu, nayo ndiyo "foible". Tangu miaka ya 1640 maneno haya yanaonekana katika Kiingereza kwa maana hiyo ya upanga. Haikupita miaka arubaini, yote mawili yakahama kutoka chuma kwenda kwa watu: "forte" likawa lile jambo mtu aliwezalo kuliko mengine, na "foible" likawa ule upande wa tabia yake uliolegea.

Atakae kulielewa vizuri jambo hili na ashike bakora mbele yake, kisha amwambie mwenziwe aisukume karibu na mkono. Haitasogea. Halafu aisukume kwenye ncha, kwa kidole kimoja tu. Itakwenda atakako yule msukumaji. Wachezao kirumbizi kule Lamu wanalijua jambo hili kwa mikono yao bila ya kufungua kamusi. Na hii ndiyo iliyokuwa hila kubwa ya wapigana kwa panga: uweke sehemu yako yenye nguvu juu ya sehemu dhaifu ya adui, na upanga wake, hata akiwa ana misuli kama ya ng'ombe, utausogeza kando kama usogezavyo pazia.

Sasa tazameni. Ile sehemu dhaifu si kutu, wala si ufa, wala si chuma cha namna nyingine kilichoungwa na fundi mwizi. Ni chuma kile kile kilichoanzia mpinini, kikanyooshwa na kufanywa chembamba kwa makusudi ili upanga uwe mwepesi. Udhaifu wake ni mwendelezo wa nguvu zake. Na hivi ndivyo zilivyo ila nyingi za watu wema. Msema kweli huishia katika ukali wa ulimi. Mwenye kuhifadhi mali huishia katika ubakhili. Na mkarimu, ukimfuata mpaka nchani mwake, utamkuta hawezi kusema "la". Mzee wetu hakuwa na tabia mbili, moja tuliyoipenda tukamchagua na nyingine iliyotuaibisha mbele ya wafiwa. Alikuwa na moja tu, nasi tuliishika mpini wake tukasahau kwamba ina ncha.

Lakini liko jambo jingine katika upanga, ambalo kijana wetu hakulitaja kwa sababu neno, lilipohama kutoka kwenye chuma, liliacha jambo hili nyuma. Ile sehemu yenye nguvu kazi yake kubwa ni kukinga. Inayotoa damu ni ncha. Yaani ile ile iitwayo dhaifu, kwa mwenye kuushika upanga ndiyo dhaifu; kwa mwenye kupigwa nao, haina udhaifu wowote. Ama swali la mzee wa nguzoni, jibu lake nimeliona hapa. Ila ya mzee wetu ilikuwa ndogo kwake, na ndogo kwetu tuliokuwa tukiicheka barazani. Kwa wale watoto waliokuwa wakisikia hodi, haikuwa ndogo.

Kamusi haikuishia kwenye upanga. Wafaransa nao neno hili walilipata kutoka Kilatini, na asili yake ni "flebilis", maana yake kitu chenye kustahiki kuliliwa, kwani "flere" kwao ni kulia machozi. Neno hilo hilo liliwahi kuingia katika Kiingereza mara ya kwanza, zamani zaidi, katika karne zilizofuata kutawaliwa Uingereza na Wanormani mwaka 1066, likawa "feeble", yaani mnyonge. Kwa hiyo maneno mawili ya Kiingereza, la mnyonge na la ila ndogo, ni ndugu wa tumbo moja, na mama yao ni kilio. Lililokuwa la kuliliwa likaja likawa la kuchekwa.

Na kweli walilicheka sana. Mwaka 1700 mtungaji Congreve alionyesha mjini London mchezo wake wa kuchekesha uitwao The Way of the World. Ndani yake mna bibi mmoja mtu mzima, mjane, apendae kudhaniwa kijana. Na mtumishi wake wa ndani jina lake ni Foible. Wanaotaka kumhadaa bibi huyo hawavunji mlango wala hawapandi dirishani. Hupita kwa Foible. Sidhani kwamba wote waliocheka siku ile waliona ni ukweli gani waliokuwa wakiambiwa.

Tukiacha ya Waingereza tukarudi kwetu, tutaona kwamba sisi hatukupungukiwa na maneno ya namna hii. Pengine tunayo mengi kupita haja. Twasema kasoro, kama tusemavyo saa tatu kasorobo; saa hiyo si mbovu, ila imepunguka kidogo kufika. (Hata "fault" la Kiingereza, alivyonionyesha kijana, mwanzo wake katika Kifaransa lilikuwa na maana hiyo hiyo ya upungufu.) Twasema mtu ana walakini, na hili hunichekesha kila nikilifikiri, kwani walakini ni kiungo tu cha maneno: "Fulani ni mtu mwema, walakini…" kisha msemaji hunyamaza, hutazama kushoto na kulia, na ule ukimya wake umekuwa ni sifa ya mtu. Twasema aibu, na Waarabu tuliolichukua kwao hukusudia ila yenyewe. Lakini sisi tumelihamisha kutoka kwenye ila tukalitia katika macho ya watazamaji, hata ikawa mtu haoni aibu kuwa na jambo, huona aibu kujulikana kwamba analo. Na twasema ila, ambalo asili yake katika Kiarabu ni ugonjwa. Wanafunzi wa Hadithi wanalijua neno hili vizuri: ni ule ugonjwa uliofichika ndani ya Hadithi ambayo kwa nje yaonekana nzima kabisa, na haugunduliwi illa na mwenye kuichunguza kwa makini.

Lakini katika maneno yote hayo, lililo karibu zaidi na lile la upanga ni dhaifu. Na hapo ndipo kundi la pili, waliosema "ndivyo alivyoumbwa", walipokuwa na hoja. Kwani katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 28, Mwenyezi Mungu ametwambia kwamba mwanadamu ameumbwa dhaifu. Hoja yao ni sahihi, ila wameisoma nusu. Mwanzo wa aya hiyo hiyo ni kwamba Mwenyezi Mungu ataka kuwakhafifishia watu, awapunguzie mzigo. Udhaifu umetajwa ili mzigo upunguzwe. Haukutajwa ili dhaifu atwikwe mzigo mzito kisha akianguka tuseme maskini, ndivyo alivyo. Sisi tulijua kwamba mzee hawezi kumkatalia mtu, na tukijua hayo tukampa ufunguo wa fedha ambazo kazi yake kubwa ni kumkatalia mtu. Tungelimpenda kweli tusingelimpa.

Na kundi la kwanza, waliomwita mwizi, nao elimu yao wenyewe ingewatosha. Wanajua kwamba Hadithi dhaifu si Hadithi maudhui. Mwenye kupokea kwa upungufu wa hifadhi hawekwi daraja moja na mwenye kumzulia Mtume uwongo. Walakini wanazuoni hawakuificha Hadithi dhaifu kwa kuwaonea haya wapokezi wake. Walimtaja mpokezi, wakataja upungufu wake ni upi, wala hawakuitegemeza juu yake hukumu isiyoweza kuibeba. Mtu yule yule aliesemwa kwamba hifadhi yake ni mbaya, wakati mwingine husemwa papo hapo kwamba yeye mwenyewe ni mchamungu. Hayo mawili yalikaa pamoja katika vitabu bila ya kupigana. Na sisi hatukuweza kuyaweka pamoja katika darasa moja.

Imam Ghazali, aliefariki mwaka 505 wa Hijra, amezitaja katika Ihyaa njia nne za mtu kuzijua ila za nafsi yake: kukaa mbele ya sheikh mwenye kuona, kuwa na rafiki mkweli, kusikiliza ndimi za adui, na kuchanganyika na watu ili aonalo kwao alitafute kwake. Na amesimulia jinsi Sayyidna Umar alivyokuwa akimuuliza Salman ni jambo gani lililomfikia katika mwendo wake alichukialo, akamshikilia mpaka Salman akasema amesikia kwamba hukusanya vitoweo viwili katika mla mmoja, na kwamba ana nguo mbili, ya mchana na ya usiku. Vitoweo viwili! Nani katika sisi angeliona hiyo ni ila? Lakini Umar hakusema hilo ni dogo. Aliuliza kama liko jingine.

Mzee wetu hakupata hata moja katika njia hizo nne. Sheikh wetu alimuonea haya kwa umri wake. Adui hakuwa nao. Na sisi rafiki zake tulikuwa tukimfanyia mzaha, na mzaha si kumwambia mtu. Mtu akichekwa kwa ila yake kila siku na watu wampendao, huidhania kuwa ni pambo. Tumekatazwa kufanyiana kejeli katika Sura ya Al-Hujurat, na kila siku mimi nilidhani kwamba makatazo hayo ni kwa kejeli ya uadui. Leo nadhani kejeli ya mapenzi nayo ina sehemu yake, kwani ile ya uadui angalau humzindua mtu.

Sasa nifikie lililo zito kwangu kuliandika. Katika vile vipande vya karatasi kilikuwamo kimoja chenye khati ya mkono wangu. Shilingi elfu tatu, za kupaka chokaa nyumba kabla ya arusi ya binti yangu. Sikuwa na dhiki. Ningeliweza kungoja, au kuacha ukuta kama ulivyo. Nilikwenda kwake baada ya sala ya alfajiri kwa sababu nilijua wakati huo hukaa peke yake; na kabla ya kuomba nilianza kumsifu, nikamwambia kwamba mtaa huu usingelikuwa na mtu kama yeye ungelikuwa jangwa. Sikuwahi kushika upanga maishani mwangu, na hila ya upanga niliifanya bila ya kufundishwa. Na siku ile ya Alkhamisi, walipokuwa wakisema mwizi na wakisema ndivyo alivyo, mimi nilikuwa katika wale wa ndivyo alivyo. Msomaji aelewe kwa nini.

Nilikwenda kumtazama nyumbani kwake baada ya wiki mbili, kwani alikuwa hatoki. Nilimweleza khabari ya neno na upanga, nikidhani nitamliwaza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia: "Nyote mwasema ni huruma iliyonishinda. Haikuwa huruma. Huruma ingelinikumbusha kwamba yuko maiti ambae bado hajafa. Kilichonishinda ni uso wa mtu alie mbele yangu, na shukrani zake. Nalikuwa nikizipenda zile shukrani." Nikakumbuka kwamba kijana alikuwa ameniambia Wafaransa hulitumia neno lile lile la dhaifu kwa maana ya kukipenda kitu mno, na nilikuwa nimeiona ni maana iliyopotea njia.

Yeye mwenyewe ndie aliependekeza, kwa barua iliyosomwa darasani, kwamba sanduku lifungwe kwa kufuli mbili, kila ufunguo kwa mtu wake, na daftari lisomwe kwa sauti kila Alkhamisi ya kwanza ya mwezi, majina na kiasi. Aliomba aachiwe kazi ya kwenda kukaa na wafiwa, na hiyo tukamuachia, kwani haiko mtaani petu nyumba ya msiba isiyotulia aingiapo yeye. Watu bado humwendea baada ya alfajiri. Huwapa cha mfukoni mwake kama kipo. Na kama hakipo, huwaambia kwamba funguo haziko kwake, na huyasema maneno hayo kwa sauti ya mtu alieshushiwa gunia mgongoni.

Wawili katika waliomwita mwizi hawajamtaka radhi mpaka leo, na mmoja wao karatasi yake imo sandukuni bado. Kijana wetu na mimi tungali tukibishana: mimi nasema "foible" lifasiriwe udhaifu; yeye asema udhaifu ni neno zito mno kwa kitu ambacho Waingereza hukisema huku wakitabasamu. Kwa ufasihi huenda haki iko kwake.

Elfu tatu zangu nilizirejesha wiki ile ile. Hata hivyo daftari lilipoanza kusomwa, lilisomwa tangu mwanzo wa mwaka, na jina langu lilikuwa la tatu. Mzee wa nguzoni alinigeukia akanitazama, asiseme neno.